Mitihani mipya ya jimbo la New York: wilaya yetu imepata asilimia 6.9 hesabu. Watoto wamepatwa na nini?

#1 MamaTausi, 8 Agosti 2013
Wakuu habari za humu. Niko Syracuse, jimbo la New York, mwaka wa sita sasa. Jana jimbo limetoa matokeo ya mitihani ya darasa la 3 mpaka la 8, ile iliyofanywa Aprili. Nimeyasoma kwenye simu nikiwa jikoni mpaka wali ukaungua.

Jimbo zima, waliofaulu: Kiingereza asilimia 31.1, hesabu 31.0. Mwaka jana ilikuwa 55.1 na 64.8. Sasa sikilizeni wilaya yetu ya shule: Kiingereza 8.7, hesabu 6.9. Nilidhani nukta imekaa pasipo pake.

Kwa walioko nyumbani, wilaya ya shule si wilaya kama Temeke. Ni chombo cha kuendesha shule za mji mmoja, kina bodi yake na bajeti yake, na matokeo yake yanaanikwa kwenye magazeti watu wote wayaone.

Mwanangu anaingia darasa la 5 Septemba. Mwaka jana alifaulu vizuri tu. Karatasi yake ya mwaka huu haijaja, nina matokeo ya wilaya peke yake. Swali langu: watoto wa jimbo zima wamekuwa wajinga ndani ya miezi kumi na mbili? Jirani yangu ameshaanza kutafuta nyumba kitongoji kingine, anasema shule za mji zimekufa.

#2 Siti ya Mbele, 8 Agosti 2013
Nimekaa. Kahawa ipo, kashata zipo. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kaka Brooklyn, 8 Agosti 2013
Pole dada, hamko peke yenu. Huku New York City tumeanguka kutoka 46.9 hadi 26.4 Kiingereza, na hesabu kutoka 60 hadi 29.6. Halafu Meya Bloomberg kasimama mbele ya waandishi anasema ni habari njema kwa mji! Nimebaki mdomo wazi.

Sababu ni moja tu, Common Core. Obama kaamua nchi nzima ifanye mtihani mmoja, na wa kwanza kuchinjwa ni sisi New York. Wakati huohuo asilimia 93.1 ya watoto wa Syracuse wamefeli hesabu, mchana kweupe.

#4 Takwimu Tu, 8 Agosti 2013
Kaka Brooklyn, taratibu mkuu, umechanganya mambo.

Common Core si mtihani, ni orodha ya vitu mtoto anavyotakiwa kujua kila darasa. Iliandaliwa na umoja wa magavana na wakuu wa elimu wa majimbo, New York ikaikubali 2010. Serikali ya Obama ilichofanya ni kuning'iniza nyama: mfuko wa Race to the Top, ambao New York ilivuta karibu dola milioni 700. Mtihani wenyewe ni wa jimbo, umetungwa na kampuni ya Pearson. Na New York si wa kwanza. Kentucky walianza mwaka jana, kusoma kwa shule za msingi kukashuka kutoka asilimia 76 hadi 48.

Halafu hiyo 93.1 "wamefeli" futa. Matokeo yana madaraja manne, la 4 ndilo la juu, na asilimia inayotangazwa ni ya waliofika la 3 na la 4 tu. Mtoto wa daraja la 2 yumo ndani ya hiyo 93 yako, na anajua mengi, ila hajagusa mstari.

Sasa mstari huo nani kauchora? Mtihani wenyewe haujui kufaulu wala kufeli, unatoa alama basi. Baada ya watoto kufanya mtihani Aprili, waliitwa walimu na wakufunzi 95, wakapitia maswali moja moja kuanzia jepesi hadi gumu na kupendekeza mtoto wa daraja la 3 aishie wapi. Kamishna wa elimu John King akapitisha. Tangu Machi wakubwa walishasema hadharani kwamba namba zitaanguka vibaya. Mpunga ni uleule wakuu, kilichobadilika ni kibaba.

#5 Kaka Brooklyn, 8 Agosti 2013
Haya nimekubali ya Obama. Ila kama walijua tangu Machi, basi walipanga. Mtu anayejua nyumba itaungua kabla haijaungua, mimi namuuliza kiberiti.

#6 Mzee wa Chaki, 9 Agosti 2013
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, sasa nipo Moshi nalea migomba. Niwakumbushe ya kwetu, maana naona mmesahau na hata mwaka haujaisha.

Februari mwaka huu Waziri Kawambwa katangaza kidato cha nne cha 2012. Sifuri zaidi ya laki mbili na arobaini elfu. Nchi ikalia. Waziri Mkuu akaunda tume chini ya Profesa Mchome, na mwezi Mei serikali ikatangaza bungeni kuyafuta matokeo yale na kuamuru yapangwe upya. Sababu? Baraza la Mitihani lilikuwa limeanza kutumia madaraja yasiyosogea, wakati miaka ya nyuma alama zilisanifishwa kwanza, yaani zilirekebishwa kabla ya kupangwa madaraja. Wakarudi kwenye utaratibu wa 2011, ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08.

Tafakarini hapo. Hakuna mtoto aliyerudi darasani, hakuna karatasi iliyoandikwa upya. Kijana alilala na sifuri akaamka na daraja la nne, la mwisho la kufaulu kwetu. Mmoja ni wa mtaani kwangu, baba yake alikuwa ameshamnunulia pikipiki ya bodaboda.

#7 Nanasi Kavu, 9 Agosti 2013
Shikamoo mwalimu. Je, na wale waliochora zombi kwenye karatasi za majibu nao walisanifishwa?

#8 Mzee wa Chaki, 9 Agosti 2013
Marahaba. Zombi halina daraja.

#9 Dada wa Darasani, 9 Agosti 2013
Naomba niongee mimi niliyekuwemo chumbani. Ni mwalimu msaidizi, shule siitaji.

Takwimu Tu, hesabu zako sina shida nazo, lakini hiyo hadithi ya kibaba inafanya ionekane kama mpunga haujaguswa. Umeguswa. Mwaka jana swali la Kiingereza lilimuuliza mtoto nini kilitokea kwenye hadithi. Mwaka huu anaambiwa asome habari mbili, aseme mwandishi yupi ana hoja, na athibitishe kwa maneno yaliyomo kwenye habari. Hesabu za sehemu zimeshushwa madarasa ya chini. Na vitabu vya kufundishia hayo yote? Jimbo lilikuwa linapandisha moduli kwenye tovuti ya EngageNY kidogokidogo huku mwaka unakwenda. Kuna moduli tuliipata wakati mada yake tumeshaipita. Unapikaje pilau viungo vinakuja wakati unapakua?

Mitihani ilikuwa siku tatu za Kiingereza, wiki iliyofuata siku tatu za hesabu. Siku ya pili ya Kiingereza mtoto wa darasa la 3 mbele yangu aliandika insha, akafuta, akaandika tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Saa ilipoisha alikuwa ameandika jina lake na sentensi moja na nusu. Anajua kusoma yule, namsikiliza kila siku. Kwenye matokeo ya wilaya yeye ni tone moja la hiyo asilimia.

Kwa hiyo mstari umepanda, sawa. Lakini na mtihani ni mwingine, na walichofundishwa ni nusu, na muda haukutosha. Mkiniuliza kipi kimechangia kiasi gani, siwezi kuwatenganishia.

#10 MamaTausi, 9 Agosti 2013
Dada wa Darasani umenitoa machozi. Huyo wa karatasi kutoboka ni kama wangu kabisa.

#11 Nanasi Kavu, 9 Agosti 2013
Mnaijua asili ya jina langu? Mtihani wa jimbo hilohilo, kampuni hiyohiyo, mwaka jana, darasa la 8. Hadithi: Nanasi kamwita Sungura washindane mbio. Wanyama wakasema nanasi halina miguu, lazima lina ujanja, wakalishangilia. Mbio zikaanza, Sungura katimua, Nanasi limekaa palepale. Sungura kashinda. Wanyama wakalila Nanasi. Funzo la hadithi: mananasi hayana mikono ya shati.

Wallahi siongezi chumvi. Halafu swali: kwa nini wanyama walilila nanasi? Na lingine: mnyama yupi alikuwa na busara kuliko wote? Ikawa kelele mpaka magazetini, maswali yakafutwa. Sungura wetu wa hadithi za bibi angepata daraja la 4 bila kusoma.

#12 Siti ya Mbele, 9 Agosti 2013
Jibu ni bundi. Bundi huwa ana busara daima.

#13 Bukavu Mpaka Buffalo, 10 Agosti 2013
Bandugu, mimi niko Buffalo. Huku tuko na 11.5 ya Kiingereza na 9.6 ya hesabu. Munasema mustari, munasema moduli, lakini hakuna mutu anasema luga.

Mutoto wangu alifika hapa na miaka tisa, tulitokea kambi ya Nyarugusu. Hakujua hata neno moja ya Kiingereza. Mwaka ya kwanza balimuachilia mutihani ya Kiingereza, lakini ya hesabu alifanya. Na hesabu anajuaga sana! Kambini alikuwa anauzisha makala (mukaa) na mama yake, anarudisha chenji mbio kupita mutu mukubwa. Lakini hesabu ya hapa iko hadithi ndefu: John ana kitambaa ya yadi fulani, anakata sehemu ya kwanza, dada yake anakata ya pili… Mutoto anauliza, papa, yadi ni nini? Njo pale alikwama. Si kwenye sehemu, ni kwenye yadi.

#14 Takwimu Tu, 10 Agosti 2013
Bukavu, namba ziko upande wako. Wanaojifunza Kiingereza, jimbo zima: waliofika daraja la 3 na kuendelea ni asilimia 3.2 Kiingereza na 9.8 hesabu. Tena kitendawili kiko hapo: mtoto akishakijua vizuri Kiingereza anatolewa kwenye kundi, kwa hiyo kundi daima linabaki na wale ambao bado. Hata shule ifanye maajabu, hiyo namba itaonekana ndogo.

Karatasi ya hesabu ipo iliyotafsiriwa kwa Kispanyola, Kichina, Kikorea, Kirusi na Krioli ya Haiti. Lugha nyingine inaruhusiwa mkalimani amsomee mtoto kwa mdomo. Uliza shuleni mapema, usisubiri Aprili.

#15 Bukavu Mpaka Buffalo, 10 Agosti 2013
Aksanti sana. Niliuliza. Banileteaga mukalimani wa Kisomali.

#16 Mkenya wa Nakuru, 10 Agosti 2013
Hahaha, Bukavu usituue. Mwambie huyo mkalimani mapenzi ya jirani ni mema lakini lugha ni tofauti.

Swali la mgeni: kwa nini mnashangaa Syracuse na Buffalo kuanguka kama umaskini ndio ulioko huko? Hata kwetu, chora ramani ya mitihani halafu chora ramani ya njaa, uone kama utahitaji karatasi mbili.

#17 Jirani wa Kodak, 10 Agosti 2013
Mkenya, hapo umegonga. Niko Rochester. Sisi ndio mkia kati ya miji mikubwa: 5.4 Kiingereza, 5.0 hesabu. Mji huu uliishi kwa Kodak, kampuni ya filamu za kamera, na Kodak iliomba kinga ya mufilisi Januari 2012. Lakini kazi zilikuwa zimeshaondoka miaka mingi kabla ya hapo. Ukiendesha gari dakika kumi na tano kutoka kwangu unaingia wilaya nyingine ya shule, nyasi zimekatwa kama mkeka, matokeo yao ni mara nyingi ya yetu. Mtihani ni uleule, Pearson ni ileile, moduli zilichelewa kwao pia. Na wao wameshuka, lakini wameshuka kutoka ghorofani hadi sebuleni. Sisi tumetoka sebuleni tukaingia kisimani.

Kwa hiyo mstari ukipanda, wanaoumia ni wale waliokuwa wamerundikana karibu nao. Huo ndio uelewa wangu wa fundi bomba.

#18 Takwimu Tu, 10 Agosti 2013
Fundi bomba umesema vizuri kuliko wengi wenye shahada. Ndiyo maana kulinganisha "tumeshuka pointi ngapi" kati ya wilaya mbili kunadanganya. Watoto wakirundikana karibu na mstari, usogeze kidogo tu namba inaporomoka. Wakiwa mbali na mstari, juu au chini, hata uuvuruge hutaona kitu.

Ila sikubali kwamba umaskini unaeleza kushuka. Unaeleza pengo. Umaskini wa Rochester 2012 na 2013 ni uleule, namba ndiyo iliyobadilika.

#19 Jirani wa Kodak, 10 Agosti 2013
Sawa, lakini mwenye njaa akibadilishiwa sahani haishi kuwa na njaa. Tutakutana tu.

#20 Kaka Brooklyn, 11 Agosti 2013
Mimi narudi kwenye kiberiti changu. Nani anafaidika shule za umma zikionekana zimeoza? Kuna kampuni ya mitihani, kuna wauza vitabu vipya, na kuna wanaotaka shule zote ziwe za mkataba (charter), zinazolipwa na serikali lakini kuendeshwa na watu binafsi. Na mwaka huu ndio walimu wameanza kupimwa kwa alama za watoto. Nusu ya walimu watafukuzwa kwa mtihani ambao hawakuufundisha.

#21 Dada wa Darasani, 11 Agosti 2013
Hofu ipo shuleni, sikatai. Ila si nusu. Katika mia ya tathmini ya mwalimu, ishirini zinatoka kwenye maendeleo ya watoto kwenye mtihani wa jimbo, ishirini vipimo vya wilaya, sitini ni kukaguliwa darasani na mengineyo. Na hiyo ishirini ya kwanza inamlinganisha mtoto na wenzake walioanza na alama kama zake, kwa hiyo wote wakiporomoka pamoja, mwalimu haporomoki. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa kwenye semina. Mimi nilikuwa nasinzia, lakini hapo niliamka.

#22 Mzee wa Chaki, 11 Agosti 2013
Kijana wa Brooklyn, kila jambo likiwa njama hutajua njama ya kweli ikija. Nina swali kwa Takwimu Tu. Huko mwaka jana walikosema asilimia 64.8 wamefaulu hesabu, ilikuwa kweli? Kwa nini kila mtu anaichukulia namba ya zamani kama msahafu na ya sasa kama uongo?

#23 Takwimu Tu, 11 Agosti 2013
Mwalimu, hilo swali ndilo nililolisubiri.

Mwaka 2009 New York ilitangaza hesabu 86, Kiingereza 77. Sherehe. Mtafiti wa Harvard, Daniel Koretz, na wenzake wakaangalia, wakakuta mitihani imezoeleka mno: maswali ya aina ileile yanarudi kila mwaka, walimu wameshajua yatatokea wapi. Jimbo likapandisha mstari 2010, hesabu ikawa 61, Kiingereza 53. Kwa hiyo kilio cha mwaka huu ni cha pili ndani ya miaka minne.

Kuna pia mtihani wa taifa wa sampuli, NAEP, ambao hakuna anayeusomea. 2011 New York, waliofika kiwango cha "mahiri": darasa la 4 kusoma 35, hesabu 36, darasa la 8 kusoma 35, hesabu 30. Tazama hizo halafu tazama 31 ya juzi. Ni kama mtu alikaa na namba hizo mezani wakati wa kuchora mstari. Jimbo lenyewe linasema lililenga mtoto aliye njiani kuwa tayari kwa chuo.

Lakini "mahiri" wa NAEP si "yuko sawa na darasa lake". Wenyewe wenye NAEP wanalisema hilo kila mwaka na hakuna anayewasikiliza. Ni mstari wa juu kwa makusudi. Kwa hiyo jibu langu mwalimu: 86 ilikuwa puto. Ila 31 nayo si sakafu.

#24 Mzee wa Chaki, 11 Agosti 2013
Kwa hiyo ukweli uko kati ya 31 na 86. Asante, nimepata nafasi ya kuingiza lori.

#25 MamaTausi, 14 Septemba 2013
Wakuu nimerudi. Karatasi ya mwanangu imekuja.

Mwaka jana hesabu alikuwa na 690, daraja la 3. Mwaka huu 301, daraja la 2. Kutoka 690 hadi 301! Nilikaa kwenye ngazi za mlangoni nikalia. Baba yake katoka kazini kanikuta hapo na bahasha, akadhani kuna msiba nyumbani Tanga. Mtoto naye kasimama dirishani ananiangalia.

#26 Takwimu Tu, 14 Septemba 2013
Dada, futa machozi, hiyo hata si kushuka. Skeli nzima imebadilishwa. Mwaka jana mstari wa kufaulu ulikuwa kwenye mia sita na kitu, mwaka huu uko kwenye mia tatu na kitu. Ni kama mtoto alipimwa homa mwaka jana kwa Farenhaiti akawa 98, mwaka huu kwa Selsiasi akawa 37. Hajapoa, yuko vilevile.

Usitoe 301 kutoka 690, hazitoani. Mlinganishe na wenzake: je, mwaka jana alikuwa wapi kati ya watoto wa wilaya na wa jimbo, na mwaka huu yuko wapi?

#27 MamaTausi, 14 Septemba 2013
Nimeangalia. Yuko juu ya wastani wa wilaya. Kwa jimbo yuko pale katikati. Mwaka jana pia alikuwa katikati.

Sasa kwa nini hawakuandika hivyo juu, kwa herufi kubwa? Kuna kurasa na grafu na rangi, na hakuna sentensi moja inayomwambia mama asiende kulia kwenye ngazi.

#28 Dada wa Darasani, 14 Septemba 2013
Barua ya maelezo ilikuwemo, ya Kiingereza cha kisheria. Mimi mwenyewe niliisoma mara mbili. Mwombe mwalimu wake mpya dakika kumi, umuulize sehemu gani za hesabu amekwama. Hilo mwalimu ataliona kwenye daftari kuliko kwenye 301.

#29 Nanasi Kavu, 2 Novemba 2013
Naufufua uzi. Wizara yetu imetangaza sifuri imefutwa, sasa kuna Daraja la Tano! Na A inaanzia 75. Mzee wa Chaki uko wapi, njoo uone kibaba.

#30 Mzee wa Chaki, 3 Novemba 2013
Nimesikia redioni nikiwa shambani. Nilidhani betri imeisha, sauti inatoka vibaya.

#31 Kaka Brooklyn, 20 Agosti 2015
Kwa kumbukumbu za uzi: mwaka huu wazazi wamegoma. Zaidi ya watoto laki mbili jimboni hawakufanya mtihani, kama mmoja kati ya watano. Wangu alikuwemo. Kiberiti changu bado nakishikilia.

#32 Takwimu Tu, 20 Agosti 2015
Na sasa matokeo ya wilaya hayasomeki kabisa, maana waliobaki kwenye chumba si mfano wa wote. Kuna wilaya za Long Island zaidi ya nusu hawakufanya. Asilimia ya nani hiyo?

#33 Kaka Brooklyn, 20 Agosti 2015
Ndiyo lengo lenyewe mkuu 😀

#34 Mkenya wa Nakuru, 4 Januari 2017
Wadau wa uzi huu, heri ya mwaka mpya. Na sisi tumeingia. KCSE (mtihani wetu wa kidato cha nne) ya 2016: A zilizokuwa zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia zimekuwa 141. Mia moja arobaini na moja! Waziri Matiang'i anasema wizi wa mitihani umekomeshwa. Wengine wanasema alama hazikusanifishwa. Shemeji yangu anasema watoto wa simu hawasomi. Mezani siku ya mwaka mpya tulikaribia kushikana mashati.

#35 Mzee wa Chaki, 5 Januari 2017
Pole. Huku tulipelekwa kwenye GPA (wastani wa alama), mwaka jana tumerudishwa kwenye Divisheni. Aliyeagiza turudi ni Waziri Ndalichako, ambaye 2012 ndiye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza. Mwenye kibaba kapandishwa cheo, kawa mwenye ghala.

Mkenya, kwenu nadhani yote matatu ni kweli. Shemeji mpe nusu alama.

#36 Dada wa Darasani, 5 Januari 2017
Na New York mwaka jana waliondoa muda, mtoto anaandika mpaka achoke, maswali wamepunguza. Alama zikapanda. Kamishna mwenyewe akasema zisilinganishwe moja kwa moja na za mwaka uliotangulia. Yule wangu wa karatasi kutoboka sasa yuko darasa la 7 na muda anao wote. Bado anafuta.

#37 Kaka Brooklyn, 6 Januari 2017
MamaTausi upo? Mtoto anaendeleaje? Na yule jirani aliyekuwa anatafuta nyumba, alihama kweli?

#38 MamaTausi, 8 Januari 2017
Nipo ndugu zangu. Mtoto yuko darasa la 8, ananipita urefu, hesabu anazipenda, insha hazipendi. Karatasi zake siku hizi hazifungui, ananiletea mimi nifungue.

Jirani alihama 2014 kufuata wilaya nzuri. Amerudi mwaka jana, kodi ya nyumba ya huko ilimshinda. Anasema shule ilikuwa nzuri lakini mtoto alikuwa mweusi peke yake darasani na alikuwa anakula chakula cha mchana chooni.

#39 Siti ya Mbele, 8 Januari 2017
Duh.

#40 Bukavu Mpaka Buffalo, 9 Januari 2017
Mama Tausi, ile nyumba aliacha kule, iko inapangishwa? Niko na shemeji anatafuta.